Kati ya Kilabu na Kiwanda: Bia ya Mtama Mwanza

Mwanza ina viwanda viwili vikubwa vya bia, cha Tanzania Breweries (TBL) na cha Serengeti. Ina pia vilabu vya pombe za kienyeji mtaa kwa mtaa, ambako akina mama huuza wanzuki, komoni na pombe ya mtama kwa kopo. Kati ya pande hizo mbili pana pengo pana. Je, mtu wa Mwanza mwenye mtaji mdogo afunguliwe njia ya kuanzisha kiwanda kidogo cha bia? Nasema ndiyo, mradi aanzie kwenye mtama wetu na ujuzi wa mama wa kilabuni.

Ujuzi huo si duni. Mtama hulowekwa, ukaoteshwa, ukaanikwa na kusagwa: hicho ndicho kimea. Uji wa unga hupikwa kwanza hadi uive, ukaachwa upoe, ndipo kimea kikatiwa. Baada ya muda uji mzito hulegea na kuwa mtamu, kwa kuwa vimeng'enya vya kimea vimegeuza wanga kuwa sukari. Utaratibu huo una sababu. Wanga wa mtama huiva kwa joto kubwa kuliko wa shayiri, na joto hilo huua vimeng'enya. Kwa hiyo lazima upike kwanza, utie kimea baadaye. Anayechukua mapishi ya shayiri ya Ulaya na kubadilisha nafaka tu ataambulia uji usiochujika, maana punje ya mtama haina ganda la kusaidia kuchuja.

Kinachokosekana kilabuni ni kipimo na usafi. Pombe huendelea kuchachuka hata ikiwa ndani ya kopo, na siku chache baadaye haifai. Mwenye kiwanda kidogo atachemsha maji ya kimea, atayapoza upesi, atatia hamira safi ndani ya tangi lililofungwa, atapima kiwango cha kilevi na kuandika kila mpiko. Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika kazi hii hupotea pamoja na afya ya mnywaji.

Kwamba zao la nyumbani hulipa, tumeshaona. Arusha, kampuni ya Banana Investments imekuwa ikitengeneza kinywaji cha ndizi tangu miaka ya 1990. Ng'ambo ya Ziwa Victoria, Jinja, Nile Breweries walitoa bia ya Eagle mwaka 2002 kwa mtama wa aina ya Epuripur, na serikali ya Uganda ikaipunguzia ushuru kwa sababu ya mtama huo. Mkulima akapata soko, mnywaji akapata bia ya bei nafuu.

Tanzania nayo inaijua njia hiyo. Bajeti ya 2021/22 ilishusha ushuru wa bia ya shayiri ya nchini kutoka shilingi 765 hadi 620 kwa lita. Lakini nafuu hiyo ilifuata nafaka, haikufuata ukubwa wa kiwanda. Gharama za maabara, stempu za kodi za kielektroniki na vibali huenea juu ya mamilioni ya lita za kampuni kubwa; mpikaji wa lita 500 kwa mpiko humwelemea peke yake. Uingereza ililiona hilo mwaka 2002, ikaanza kuwatoza viwanda vidogo ushuru mdogo zaidi.

Wapo wanaopinga, na hoja yao ni nzito. Pombe huvunja nyumba. Viroba vya pombe kali vilipopigwa marufuku nchini Machi 2017, wazazi wengi walishukuru, nami nawaelewa. Lakini hatari ya viroba ilikuwa pombe kali kwa bei ya chenji mfukoni mwa mtoto. Bia iliyopimwa, yenye kilevi kidogo, inayouzwa mahali penye leseni, ni jambo jingine. Kenya iliijaribu hoja hii. Mwaka 2004 iliondolea ushuru bia ya Senator ili kuwavuta wanywaji watoke kwenye pombe haramu. Ilipoitoza upya mwaka 2013, mauzo yake yaliporomoka.

Sharti jingine ni kulinda ziwa. Lita moja ya bia hutumia lita kadhaa za maji, na majitaka yake, yenye sukari na hamira, hula oksijeni ya samaki. Mto Mirongo tayari unabeba uchafu wa mji hadi ziwani, usiongezewe. Machicha yapelekwe kwa wafugaji, na majitaka yasafishwe kabla ya kutoka.

Ninachoomba kinatekelezeka: ushuru unaopanda kadiri kiwanda kinavyokua, na maabara ya pamoja chini ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, ambako TBS, shirika la viwango, itapima mipiko ya wadogo wote kwa ada nafuu. Na leseni ya kwanza asinyimwe mama wa kilabuni kwa kukosa lugha ya maombi. Kimea anakijua kuliko sisi tunaomwandikia sheria.