Kuba za Vuga Si Zawadi ya Mkoloni

Ipo kasumba moja ambayo mpaka leo haijang'oka vichwani mwa baadhi ya wasomi. Husema kwamba majengo ya serikali ya zamani yaliyoko Vuga na Mnazi Mmoja, mjini Unguja, ni zawadi ya Mwingereza, na kwamba anayestahili shukrani ni mtu mmoja tu, John Houston Sinclair. La kusikitisha ni kwamba maneno hayo husikika hata vinywani mwa walimu, mbele ya watoto.

Sinclair alikuwa nani? Alikuwa msanifu wa majengo aliyefunzwa kazi hiyo kwao Uingereza, kisha akaingia katika utumishi wa serikali yake huko Zanzibar, nchi iliyokuwa chini ya himaya ya Waingereza tangu mwaka 1890. Alipanda ngazi hata, mwanzoni mwa miaka ya 1920, akawa Resident, yaani mwakilishi mkuu wa Mfalme wa Uingereza Visiwani. Mkono uliochora Mahakama Kuu ya Vuga, iliyokamilika mwaka 1908, ndio uliokuja kutia saini amri za utawala. Msanifu na mtawala walikuwa mtu mmoja.

Hapana budi jambo hilo lizingatiwe. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zililipiga mizinga jumba la Sultani kwa muda usiotimia saa moja. Baada ya mizinga ilifuata kalamu. Sinclair hakuleta majengo ya sura ya London. Alichukua kuba, matao na nakshi za Mashariki, akazivika ofisi za mkoloni. Mwananchi aliyeitwa mahakamani alipita chini ya tao alilolizoea macho, akamkuta ndani jaji aliyeletwa kutoka ng'ambo. Ugeni ulivaa kanzu ili usiogopwe.

Vivyo hivyo Beit el Amani, Nyumba ya Amani, iliyofunguliwa Mnazi Mmoja mwaka 1925. Ilijengwa kukumbuka kumalizika kwa Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918, vita vya wakubwa wa Ulaya vilivyomeza maelfu kwa maelfu ya wapagazi wa Afrika ya Mashariki. Kuba ni nzuri; lakini uzuri wake haufuti swali la nani alikufa, na kwa faida ya nani.

Na nani aligharimia? Mapato ya serikali ya Zanzibar ya siku hizo yalitegemea sana ushuru wa karafuu, na karafuu haikujichuma yenyewe. Nani aliinua mawe, akachoma chokaa, akapanda jukwaa? Waashi, maseremala na wachukuzi ambao majina yao hayatajwi. Jengo lililolipwa kwa jasho la umma ni mali ya umma. Mwenye mali hapewi zawadi ya mali yake.

Hata hivyo, lipo kosa la pili, nalo si dogo: kuyaacha majengo hayo yaoze kwa hoja kwamba ni ya mkoloni. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini orodha haizuii ukuta kuanguka. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, iliporomoka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zinahitaji chokaa. Zikipakwa saruji, unyevu hufungiwa ndani na ukuta huliwa polepole. Ofisa anayeidhinisha saruji kwa kuwa ni rahisi anabomoa kwa kalamu kile ambacho wengine walijenga kwa mikono.

Basi wajibu uko wazi. Mwalimu afundishe habari ya kuba na habari ya mzinga pamoja. Mtumishi wa umma atunze, akijua kwamba anatunza jasho la babu zake, si kumbukumbu ya Sinclair.