Garimoshi la Babu

Mara nyingi katika ukurasa huu tumezungumza juu ya watoto wachanga, lishe na malaria. Mwezi huu tunaomba ruhusa ya kuzungumza juu ya mzee mmoja, mjukuu wake na garimoshi la mbao. Msiseme kwamba hiyo ni habari ya wanaume. Inatuhusu sana sisi tunaouguza wagonjwa majumbani.

Baba mkwe wetu aliingia kazi ya reli mwaka 1966, akiwa kijana. Alianza kwa kufuta mafuta kwenye injini za mvuke katika karakana ya Tabora, akajifunza kazi, akawa fundi, na baadaye akahudumia injini za dizeli mpaka alipostaafu. Ni mzee wa maneno mengi. Wajukuu humzunguka jioni wakitaniana naye, kama ilivyo desturi ya babu na wajukuu.

Asubuhi moja, wakati wa palizi, alishindwa kuinua kikombe cha chai. Mdomo ulikuwa umepinda upande mmoja, mkono wa kulia umelegea, na alipotaka kusema ilitoka sauti isiyo na maneno. Ndugu wengine walisema ni upepo mbaya, apelekwe kwa mganga. Tunamshukuru Mungu kwamba baba watoto alisimama imara, akakodi gari, na mzee akafika hospitali siku ile ile. Ulikuwa ugonjwa wa kiharusi, na shinikizo lake la damu lilikuwa juu mno. Tafadhali zikumbukeni dalili hizi tatu: uso kupinda, mkono kulegea, maneno kupotea. Ukiziona, hata moja tu, usingoje kesho.

Baada ya majuma matatu alirudi nyumbani. Na hapo ndipo sisi, pamoja na miaka yetu yote ya uuguzi, tulipokosea.

Tulimhurumia kupita kiasi. Kwa kuwa mkwe hamshiki mkwe ovyo, baba watoto na kijana wetu mkubwa ndio waliomwogesha na kumvika. Sisi tulimpikia, tukaagiza watoto wamlishe kwa kijiko, wamfunike, wamshikie kikombe. Kila alipotaka kunyoosha mkono tulisema, "Acha, Baba, pumzika." Wodini tumewafundisha watu wengi kwamba kiungo kisichotumika husahau kazi. Nyumbani kwetu tulilisahau somo hilo. Miezi mitatu ikapita. Mkono wa kulia ulilala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Maneno hayakurudi. Usiku tulimsikia akilia, na asubuhi aligeuza uso ukutani.

Mabadiliko yaliletwa na kijana wetu wa miaka 13, tena bila kujua. Alikuwa ameona katika televisheni treni ya umeme ya reli mpya, ile iliyozinduliwa kati ya Dar es Salaam na Dodoma tarehe 1 Agosti 2024, akataka kujitengenezea ya mbao. Baba watoto ana karakana ndogo nyuma ya jiko, anakotengeneza viti na meza. Wakaanza kupima vipande chini ya mwembe, karibu na kiti cha mzee.

Mzee alitazama kwa muda mrefu. Kisha akachukua kijiti kwa mkono wa kushoto akachora mchangani: dohani, tangi refu la mvuke, na msururu wa magurudumu. Hakutaka treni ya umeme. Alitaka garimoshi lake.

Rafiki yake wa zamani wa kazini alikuwa na picha iliyopigwa katika Jumba la Makumbusho ya Reli la Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1971. Pale imehifadhiwa injini namba 3020 iliyopewa jina "Nyaturu", kwa heshima ya jirani zetu wa Singida. Injini za aina hiyo zilipewa majina ya makabila ya Tanganyika. Mzee alipoiona picha aliigonga kwa kidole mara tatu. Basi shauri likawa limekatwa.

Walichagua kipimo cha moja kwa ishirini: mita moja ya kweli iwe sentimita 5 za mbao. Reli yetu ya zamani ina upana wa mita moja kutoka chuma hadi chuma, hivyo ya mezani ikawa sentimita 5. Mtu wa mita 1.6 anakuwa sentimita 8. Kijana alipiga hesabu ya reli mpya yenye milimita 1,435, akapata zaidi kidogo ya sentimita 7. Akaelewa mwenyewe kwa nini treni yake ya umeme isingeweza kupita juu ya reli ya babu. Hesabu iliyomshinda darasani ikaeleweka mezani.

Mbao haikununuliwa. Yalikuwa mabaki ya mninga, mti wetu wa Tabora, ambao ukikauka vizuri haupindipindi. Tangi la mvuke lilitokana na mchi wetu uliovunjika, ambao tulikuwa tumeuweka kuwa kuni. Dohani ni kibiringo cha uzi. Ekseli ni spoku za baiskeli. Madirisha ya chumba cha dereva yamekatwa kwenye chupa ya plastiki, na vichwa vya misumari midogo vimekuwa ribiti. Magurudumu yalichorwa kwa bikari juu ya ubao, yakakatwa kwa msumeno mwembamba, kisha yakasawazishwa kwa tupa. Msikate vipande vya tawi bichi mkidhani mmepata magurudumu ya bure, yakikauka hupasuka.

Hapa ndipo uuguzi wetu ulipoamka. Tulimwomba baba watoto atengeneze kibao cha msasa kipana, cha kushikwa kwa mikono miwili. Mkono dhaifu uliwekwa juu ya kibao, mkono mzima ukaufunika, na yote miwili ikasukuma na kuvuta pamoja. Siku za kwanza ilikuwa dakika tano, kisha kupumzika. Baadaye ikawa kumi, asubuhi na jioni. Mkono ulipoanza kupata nguvu tulimpa kazi ya kuokota magurudumu na kuyapanga, kisha misumari midogo. Hayo ndiyo mazoezi yanayotolewa hospitalini kwa mipira na vijiti. Lakini mipira mzee aliikataa. Msasa hakuukataa, kwa sababu injini ilimngoja.

Ikafika siku ya kufunga magurudumu. Injini ya aina ile ina 2 madogo mbele, 8 makubwa katikati na 4 nyuma. Kijana aligeuza mpango, akaweka 4 mbele. Sisi tulikuwa tukichagua mchele kibarazani. Tukasikia sauti nzito, ya kukwaruza, ambayo hatukuwa tumeisikia kwa zaidi ya miezi mitatu:

"Nne... nyuma."

Ungo ulitutoka mikononi. Kijana akauliza, "Babu, umesema?" Mzee akarudia, kwa hasira ya fundi aliyeona kazi imeharibiwa: "Nyuma!" Baba watoto akatoka karakanani na randa mkononi, akasimama pale akilia bila kujificha.

Tangu hapo walifanya mchezo wa kutaja sehemu. Kijana anashika, babu anataja: pistoni, ekseli, breki, taruma. Maneno ya kazi yalitangulia, ya nyumbani yakafuata. Jina la mwisho kurudi lilikuwa letu, nasi hatukulalamika. Siku hizi mzee husimulia tena, polepole, jinsi babu yake alivyobeba mizigo ya karibu frasila mbili kichwani kwenda Bagamoyo, katika njia ya misafara iliyopita hapa Kigwa, kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912.

Hatutaki kuwadanganya. Mguu wake bado unaburuta na jina lake hawezi kuliandika. Vidonge vya shinikizo la damu anameza kila siku, na ataendelea hata akijisikia mzima, mpaka daktari aseme vinginevyo. Lakini uji anakunywa mwenyewe, kwa mkono wa kulia, na kikombe kikimwagika tunafuta meza bila kusema neno.

Kwa wale watakaotaka kujaribu, shikeni mambo haya:

1. Mgonjwa aketi kwenye kiti imara, miguu ikanyage chini. Asifanye kazi akiwa amechoka.

2. Msumeno na patasi vishikwe na mwenye mikono mizima. Mkono uliopooza unaweza kukatwa usisikie. Mbao ibanwe kwa jiriwa.

3. Vumbi la mninga huwasha macho na kubana kifua. Kazi ifanyike nje, pua na mdomo vifunikwe, na vumbi lipanguswe kwa kitambaa chenye maji. Mwenye pumu akae mbali.

4. Misumari na spoku zihesabiwe kila jioni, zisiachwe kwa watoto wanaotambaa.

5. Akikosea, mwacheni asahihishe mwenyewe. Akichelewa kupata neno, mngojeni.

Pengine mgonjwa wenu hakuwa mtu wa reli. Alikuwa mfinyanzi, mshonaji, au mama wa kusuka mikeka. Tafuteni kazi ile ambayo mikono yake iliipenda, mmrudishie japo kipande kidogo. Bwana wetu naye alikulia katika nyumba ya seremala, na hatudhani kwamba mikono yake ilikaa bure pale. Kumsaidia mgonjwa si kumfanyia kila kitu. Sisi tulijifunza hilo darasani, tukafaulu mtihani, kisha tukafundishwa upya na mtoto wa darasa la saba.

Garimoshi sasa liko juu ya kabati, limepakwa mafuta ya mbao, linang'aa. Mabehewa ni mawili tu. Juzi mzee alituita: "Mkwe, una mchi mwingine uliovunjika?" Tukamwambia hatuna. Akatazama ule mzima pale jikoni, akacheka. Tumeuficha.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.