KUZIDISHA NI KUPIMA SHAMBA

Katika shule nyingi za msingi mtoto huanza kwa kuimba tebo mpaka zikae kichwani. Sina ugomvi na tebo, maana asiyezijua hafiki mbali. Lakini yafaa kwanza mtoto aone kwa macho yake kwamba kuzidisha ni kupima eneo.

Vifaa havina gharama. Mtoto wa Ufipa na apange chini punje za mahindi, safu 4 zenye punje 6. Atahesabu 24. Akizunguka upande wa pili ataona safu 6 zenye punje 4, na jumla ni ile ile. Hapo atajua mwenyewe kwa nini 4 mara 6 ni sawa na 6 mara 4.

Namba zikiwa kubwa, achore mstatili kwa kijiti. Tuseme 23 mara 14. Urefu aukate 20 na 3. Upana aukate 10 na 4. Atapata vipande vinne: 200, 30, 80 na 12. Jumla ni 322. Asiye na mchoro huweza kuzidisha 20 kwa 10, na 3 kwa 4, akaandika 212 na kuridhika. Mwenye mchoro hadanganyiki, kwa sababu vipande viwili vilivyosahauliwa vinamtazama.

Huenda mtu akasema huu ni mchezo wa watoto. Sivyo. Wakulima wengi nchini hupima ekari kwa hatua 70 kwa 70, yaani hatua za mraba 4,900. Sasa mzazi anataka kukodi nusu ekari alime maharage, naye mwenye shamba anampimia hatua 35 kwa 35. Kwa kusikia tu ni haki, maana 35 ni nusu ya 70. Lakini chora mraba wa 70, uukate katikati kwa urefu na kwa upana. Vipande ni vinne, na mzazi huyu amepewa kimoja: hatua za mraba 1,225. Amelipia nusu, amepata robo. Nusu ya kweli ni 70 kwa 35. Robo aliyokosa ingalitosha kumpatia mtoto wake sare na madaftari.

Kosa hilo hutufuata hadi sekondari. Wangapi kati yetu huandika kwamba (a + b)² ni a² + b²? Vile vipande viwili vya kando, kila kimoja ab, vimesahauliwa tena. Al-Khwarizmi, mtaalamu wa Baghdad wa karne ya 9, alithibitisha kanuni zake za aljebra kwa kuchora miraba. Basi sisi tuone haya ya nini?

Walimu watasema darasa lina watoto wengi na kipindi ni kifupi. Ni kweli. Hata hivyo uwanja wa shule ni mpana, na vijiti havikosekani.

Nasi wanafunzi tuna wajibu. Tutakapofunga shule, wa Sumbawanga mjini na wa vijijini, kila mmoja amkalishe mdogo wake wachore mstatili. Kisha waende shambani na mzazi, wakapime kwa hatua kabla ya kulipa.