Kumbukumbu za Ukoo Zisioze Kabatini

Katika nyumba nyingi za wafanyakazi wenye asili ya Tarime na Serengeti, wawe wanaishi Mugumu, Musoma, Mwanza au Dar es Salaam, lipo kabati la televisheni lenye droo. Ndani ya droo hiyo, katikati ya nyaya na bahasha kuukuu, zimelala diski za harusi na sherehe za ukoo. Hiyo ni hazina, nayo imo hatarini.

Harusi ya Kikurya si jambo la saa moja. Kuna wazee wa mahari na hesabu ya ng'ombe, kuna litungu lenye nyuzi nane, kuna nasaha za wajomba na mashangazi, na kuna ndugu waliovuka mpaka pale Sirari kutoka upande wa Kenya. Enzi za VCD, diski moja ilichukua kiasi cha dakika 80 tu, hivyo sherehe ilikatwa vipande vitatu au vinne. Jirani akiazima kipande cha pili asikirudishe, bibi harusi aliingia ukumbini asitoke tena!

DVD ilileta nafuu. Diski ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7, yaani kiasi cha saa 2 za picha nzuri. Kisha mwaka 2004 ikaanza kuuzwa mitambo ya kumwezesha mtu kuchoma nyumbani kwake DVD ya tabaka mbili, yenye gigabaiti 8.5, karibu saa 4. Kabla ya hapo diski za namna hiyo zilitoka viwandani tu, zikiwa na filamu za makampuni makubwa.

Siri yake si ngumu. Tabaka la kwanza hupitisha sehemu ya mwanga. Mwali wa leza huliandika hilo kwanza, kisha hulipenya na kuliandika la pili. Ndiyo maana baadhi ya deki husita kidogo katikati ya picha: wakati huo zinahama tabaka.

Hata hivyo, nafuu hiyo ilikuwa na masharti. Diski hizo zilikuwa ghali kuliko za kawaida, tena huandikwa mara moja tu. Umeme ukikatika katikati ya kazi, diski huharibika. Baadhi ya deki za zamani nazo zilikataa kuzisoma. Aliyeogopa hasara alibaki na diski mbili za tabaka moja.

Lakini hatari kubwa ni nyingine, nayo inazihusu diski zote zilizochomwa nyumbani. Diski ya kiwandani hugandamizwa alama zake. Ya nyumbani huandikwa katika rangi maalumu, ambayo hufifia kwa jua, joto na unyevu. Wakati huohuo, kompyuta nyingi za leo huuzwa bila mtambo wa kusomea diski. Hivyo diski inafifia, na chombo cha kuisoma kinatoweka. Mzee aliyepiga litungu katika harusi ya mwaka 2006 huenda hayupo tena. Kama sauti yake imebaki katika diski moja tu, siku diski hiyo itakapokataa kusomeka, mzee wetu atakuwa amefariki mara ya pili.

Basi yafaa kufanya nini? Kwanza, tafuta mapema kompyuta yenye mtambo wa kusomea diski, au fundi mwaminifu, unakili kila kilichomo. Pili, weka nakala mbili katika vyombo viwili tofauti, na kimoja kikae katika nyumba ya ndugu mwingine, maana moto na mwizi havipigi hodi. Tatu, diski yenyewe usiitupe: ihifadhi katika jalada lake, mbali na dirisha.

Kazi hii ni ya nyumba nzima. Vijana wanajua kompyuta. Wazee wanajua majina. Kijana anakili, bibi aketi kando yake amtajie huyu ni nani, ni mtoto wa nani, na wimbo ule ulihusu nini; naye kijana aandike. Picha isiyo na majina, baada ya miaka 30, ni picha ya wageni. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tukutane Jumapili ijayo.