Tumtumikie Mungu kwa kumpenda, si kwa kuogopa orodha

TAFAKARI YA WIKI
Na Tumaini Mwakalinga

Ibada ikikaribia kwisha, baada ya matangazo ya ndoa na ya kwaya, katika baadhi ya makanisa yetu hutolewa karatasi ambayo waumini wanaijua vizuri. Husomwa majina ya wasiomaliza ahadi ya jengo. Mama muuza mboga anasikia jina lake, anainamisha kichwa. Jumapili inayofuata analeta fedha, pengine za kukopa vikoba. Ukuta unapanda, lakini mama yule ameondoka na fundisho moja: Mungu ni mdai.

Hilo linaniuma. Sipingi ahadi, wala zaka, wala zamu za usafi. Kanisa haliezekwi kwa maombi matupu. Ninachopinga ni kuwaaibisha wana wa nyumbani mpaka wamtumikie Baba yao kama vibarua wanaosimamiwa.

Mtu aliyeujua utumishi wa kulazimishwa na ule wa kupenda ni Mtakatifu Josephine Bakhita, ambaye jina lake limepewa parokia na shule nyingi Afrika Mashariki. Alizaliwa Darfur, Sudan, mnamo 1869. Alitekwa angali mtoto, akauzwa na kuuzwa tena katika masoko ya El Obeid na Khartoum. Katika nyumba ya jenerali mmoja wa Kituruki alichanjwa chale 114 kwa wembe, na vidonda vikasuguliwa chumvi. Mwaka 1885 alifika Italia pamoja na balozi mdogo wa nchi hiyo aliyekuwa amemnunua. Familia aliyokabidhiwa huko ilipotaka kurudi naye Sudan, alikataa. Tarehe 29 Novemba 1889, mahakama ikatamka kwamba yu huru.

Nani angemlaumu kama angeapa kutomwita yeyote bwana tena? Lakini alibatizwa Januari 1890, na mwaka 1896 akaweka nadhiri kwa watawa wa Canossa. Akamwita Mungu Bwana wake, kwa hiari na kwa furaha. Katika mji wa Schio alipika, alishona, alitunza sakristia, kisha akawa bawabu. Watoto wa shule walipopita mlangoni aliwapapasa vichwa kwa upole. Kuwahudumia wengine ilikuwa kazi yake hata alipokuwa hana uhuru. Mikono ni ileile, jasho ni lilelile. Bwana ndiye mwingine.

Kuna atakayeuliza: tukingoja watu wapende, kanisa litafagiliwa na nani? Swali ni la haki, maana moyo hupoa, na kuna asubuhi ambazo sala ni nzito kama gunia. Lakini upendo haugombani na wajibu. Mama anayeamka saa nane za usiku kumnyonyesha mtoto haamki kwa sababu anajisikia vizuri. Anaamka kwa sababu mtoto ni wake. Wajibu wa namna hiyo hauhitaji msimamizi. Ule wa hofu hukoma siku mtu anapohamia mji ambao hakuna mzee wa kanisa anayemfahamu.

Yesu mwenyewe alituonyesha kipi kitangulie. Kando ya ziwa, kabla ya kumkabidhi Petro kundi, hakumuuliza kuhusu ujuzi wake wala mchango wake. Alimuuliza habari ya upendo, mara tatu, na kazi ikafuata jibu.

Basi nawaomba viongozi wa makanisa yetu: karatasi ile ibaki ofisini. Ahadi ya mama muuza mboga ikichelewa, nendeni kwake. Ulizeni biashara inaendaje, watoto wanasomaje, salini naye. Huenda mkagundua kwamba mwenye kudai msaada ni yeye. Nasi waumini, kabla ya kukubali uongozi mwingine wa jumuiya au kamati, tutenge muda wa kukaa na Mungu bila kumwomba kitu na bila kumpa ripoti. Anayemjua hivyo atatoa, atafagia na ataimba, hata kama jina lake halitasomwa popote.

Mungu hakumtoa Bakhita mikononi mwa mabwana wakatili ili yeye mwenyewe aje amtese. Tusimsingizie ukatili asiokuwa nao.