Mcheza kwao hutunzwa, lakini chuo kikuu hakina kiti chake

KUORODHESHWA kwa ngoma ya Mwazindika na Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) mnamo Desemba 2025 kuliwapa wakazi wa Wundanyi na Kaunti nzima ya Taita Taveta sababu ya kushangilia. Hata hivyo, orodha yenyewe haikuwa ya fahari pekee. Uamuzi huo uliofikiwa jijini New Delhi, India, uliiweka ngoma hiyo ya Wadawida miongoni mwa turathi zinazohitaji kuokolewa kwa dharura. Zile ambazo zisipopata warithi zitazikwa pamoja na wazee wanaozijua.

Kenya imewahi kupitia njia hii. Mwaka 2014, ngoma ya Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa nchi iliingizwa katika orodha iyo hiyo. Kwa hivyo, baada ya vigelegele kutulia, swali linalobaki ni la ajira zaidi kuliko la utamaduni: nani atalipwa kuifundisha Mwazindika, atafundishia wapi, na kwa cheo gani?

Swali hilo limekuja wakati mwafaka. Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya wa umilisi walijiunga na Gredi ya 10 katika shule za sekondari ya juu. Katika mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, mojawapo ya masomo wanayoweza kuchagua ni Muziki na Densi. Kwa maneno mengine, serikali imekiri kwamba kucheza ngoma ni elimu inayostahili kufunzwa na kutahiniwa, wala si burudani ya kumkaribisha mgeni wa heshima.

Lakini mwalimu wa densi hatoki mbinguni. Ili kusajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC) kufundisha sekondari, mtu anatakiwa awe na mafunzo ya ualimu na masomo mawili ya kufundishia. Katika mfumo wa 8-4-4 densi haikuwa somo la kujitegemea. Hivyo, walimu wengi watakaotwikwa mzigo huu ni wa muziki, waliobobea katika nota na kwaya, na walioijua ngoma kwa kuitazama tu.

Ukiuliza ngoma ilikuwa ikifunzwa na nani miaka yote hiyo, jibu ni mkufunzi wa msimu. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, limefanya shule zizoee kumwita fundi wa ngoma kutoka kijijini mashindano yanapokaribia. Huwanoa wanafunzi kwa majuma kadhaa, hulipwa ujira wa makubaliano, kisha huambiwa kwaheri hadi mwaka ujao. Kombe hubaki katika ofisi ya mwalimu mkuu, ilhali fundi hana barua ya ajira, bima wala malipo ya uzeeni.

Kwa mcheza ngoma aliyetaka mshahara wa kila mwezi, kimbilio kubwa lilikuwa Bomas of Kenya, taasisi ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1971 na ambayo iliwaajiri wasanii kucheza ngoma za jamii mbalimbali. Nafasi hizo zilikuwa chache mno kwa taifa zima.

Waliotaka kuwa watunzi wa densi walilazimika kutazama ng'ambo. Mfano ni Opiyo Okach, aliyeanzisha kundi la Gàara jijini Nairobi. Mwaka 1998, kazi iitwayo Cleansing, aliyoiunda pamoja na Faustin Linyekula wa Kongo na Afrah Tenambergen, ilituzwa katika mashindano ya watunzi wa densi wa Afrika mjini Luanda, Angola. Tangu hapo, sehemu kubwa ya kazi ya Okach imefanyika kati ya Kenya na Ufaransa. Linyekula alirejea kwao, akaanzisha Studios Kabako mwaka 2001, na baadaye akaihamishia Kisangani. Wote wawili walipata sifa kubwa katika majukwaa ya kimataifa, lakini hakuna aliyejengewa jina hilo na chuo kikuu cha Kenya.

Kiini cha tatizo kimo katika ngazi ya vyeo vya vyuo vikuu. Vigezo vilivyotolewa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) mwaka 2014 viliifanya shahada ya uzamifu kuwa sharti la kuwa mhadhiri, na kupandishwa cheo kukategemea zaidi makala yaliyochapishwa katika majarida ya kitaaluma. Sharti hilo lina mantiki kwa mwanakemia. Kwa mwalimu wa ngoma, linazaa kinaya: anayeandika makala kuhusu Mwazindika anaweza kuwa profesa, ilhali yule anayeijua kwa nyayo na kwa masikio hawezi kuwa hata mhadhiri.

Si kwamba usomi na ngoma haviwezi kukaa nyumba moja. Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara ya muziki na densi. Makerere ilianzisha idara ya Muziki, Densi na Maigizo mwaka 1971, na miongoni mwa wahadhiri wake ni Alfdaniels Mabingo, aliyepata uzamifu katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na mwaka 2020 akachapisha kitabu kuhusu falsafa ya utu katika ufundishaji wa ngoma za Uganda. Hiyo ni njia moja, nayo ni ya heshima.

Njia ya pili iko Ghana. Mwaka 1962, Chuo Kikuu cha Ghana kule Legon kilipoanzisha mafunzo ya muziki na maigizo, liliundwa pia kundi la ngoma la taifa, likapewa makao chuoni humo. Aliyekabidhiwa usukani wa ngoma alikuwa Albert Mawere Opoku, aliyekuwa mwalimu wa sanaa Kumasi. Mantiki yake ilikuwa wazi: mtafiti, mtunzi na mcheza ngoma waishi pamoja, kila mmoja akiwa mwalimu wa mwenziwe.

Tanzania nayo ilichagua chuo cha ufundi. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981 kuchukua nafasi ya kundi la taifa la ngoma, na tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Hukwe Zawose, fundi wa Kigogo aliyefariki mwaka 2003, aliupata ujuzi wake kwa wazee wake, na ni mmoja wa wasanii walioupatia jina mji huo mdogo wa pwani ulimwenguni kote. Laiti angeulizwa kwanza tasnifu yake, wanafunzi wake wangepata hasara kubwa kuliko yeye.

Taita Taveta inahitaji mseto wa njia hizi, kwa sababu Mwazindika si mchezo wa dakika tano jukwaani. Ni ngoma ya kiroho, iliyofungamana na uganga na uponyaji. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyefanya utafiti katika milima hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika mwaka 1957 kuhusu saka, hali iliyowapagaa wanawake na ambayo ngoma ilikuwa sehemu ya tiba yake. Elimu ya namna hiyo ina utaratibu, miiko na wakati wake. Mtunzi wa densi asiyeijua miiko hiyo ataichukua mitikisiko na kuacha maana. Hapo ndipo fundi mzee anapohitajika darasani, awe na kauli juu ya kipi kifae jukwaa na kipi kisiguswe.

Wapo watakaosema vyuo havina fedha, nao hawakosei. Mwaka 2025, mgomo wa wahadhiri wa vyuo vya umma ulidumu siku 49, mojawapo ya sababu ikiwa malimbikizo ya Sh7.9 bilioni. Isitoshe, Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopewa hati mwaka 2016 na chenye bewa Ngerenyi, si mbali na Wundanyi, kimejijengea jina kwa uhandisi wa madini. Kukitaka kianzishe idara kamili ya densi kesho asubuhi ni ndoto.

Lakini hatua za kwanza hazihitaji jengo jipya. Chuo kinaweza kuwa na kiti kimoja cha mwalimu bingwa wa ngoma, kwa mkataba wa mwaka, kikigharamiwa pamoja na serikali ya kaunti. Kumbuka Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeziachia kaunti shughuli za kitamaduni. Kupitia Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Elimu (KNQA), iliyoundwa kwa sheria ya 2014, ujuzi uliopatikana nje ya darasa unaweza kupimwa na kutolewa cheti. Nayo CUE haina budi kuitazama kazi ya jukwaani iliyopigwa msasa na wataalamu kama uchapishaji, na kuipa alama zake.

Juu ya yote, sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi ihakikishe kwamba jamii inashauriwa na kufaidika kila ngoma yake inapofunzwa au kuuzwa.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. UNESCO, ambayo si kwao, imetangulia kumtunza Mdawida kwa cheti. Sasa ni zamu ya kwao: kaunti, chuo na serikali kuu. Wazee wa Mwazindika hawana miaka mingi ya kusubiri kamati, na kijana wa Wundanyi hatashika fimbo ya ngoma iwapo anaona kwamba aliyemfunza alikufa maskini.