Usiku Hauna Harufu ya Vanila

Ingia duka lolote la manukato kwenye uwanja wa ndege uulizie ya usiku. Utaonyeshwa chupa nyeusi, au ya buluu iliyokolea, na ukipuliziwa mkononi utakutana na vanila, sukari iliyoungua na pengine tone la ramu. Mchana wamepewa malimau na maua, usiku umeachiwa peremende. Sina ugomvi na vanila. Wakulima wa Madagaska, Komoro na Uganda wanasomeshea watoto kwa zao hilo. Ila aliyewahi kutoka baa ya Kinondoni saa nane za usiku anajua kwamba hapakunukia hivyo. Palinukia mkaa wa mishkaki, jasho la waliocheza, bia iliyomwagika sakafuni, moshi wa jenereta, na manukato ya watu wengi yakigombana hewani.

Toleo hili limetengwa kwa ajili ya harufu za mji jua likishazama. Dai langu ni kwamba manukato yanayojinadi kuwa ni usiku wa mji hayana budi kukubali uchafu kidogo ndani yake, na kwamba wenye uthubutu wa kuuweka uchafu huo ni watengenezaji wadogo wanaojitegemea. Wakubwa hawawezi. Hawakosi ujuzi, maana watunzi bora wa manukato duniani wako kwenye ajira zao. Kinachowafunga ni kwamba chupa yao lazima impendeze mtu wa kila bara kwa mnuso wa kwanza, na hakuna anayependa harufu ya kisahani cha majivu kwa mnuso wa kwanza.

Tuchukue mfano mmoja. Mwaka 2006 Étienne de Swardt alianzisha mjini Paris nyumba ndogo ya manukato, akaipa jina la Kifaransa la ile jamhuri ya zamani ya Makaburu kusini mwa Afrika: Etat Libre d'Orange. Miongoni mwa chupa zake za mwanzo ilikuwamo Jasmin et Cigarette, yaani asumini na sigara, utunzi wa Antoine Maisondieu. Jina halidanganyi. Asumini imo, tumbaku kavu imo, na katikati kuna utamu mdogo wa aprikoti na majani makavu, kama shingo ya mtu aliyejipaka vizuri jioni kisha akakaa saa nne na wavuta sigara. Mnuso wa kwanza unakufanya urudi nyuma. Wa pili unasogea mwenyewe.

Na asumini si safi hivyo tunavyoidhania. Ndani ya ua hilo mna kiungo kiitwacho indoli, ambacho kinapatikana pia kwenye kinyesi. Ndiyo maana asumini iliyolala chumbani usiku kucha huanza kunukia mwili wa mtu. Manukato mengi ya leo hutumia asumini iliyopunguzwa indoli ili inukie sabuni. Aliyeweka sigara karibu na asumini hakuwa analichafua ua. Alikuwa analirudishia sehemu yake.

Moshi ndani ya manukato haukuanza hapo. Caron walitoa Tabac Blond mwaka 1919, kazi ya Ernest Daltroff, wakati mwanamke kuvuta sigara hadharani ilikuwa bado habari. Habanita ya Molinard, ya mwaka 1921, iliuzwa kwanza kama kitu cha kutia sigara zenyewe harufu, ndipo ikahamia shingoni. Kilichoipa ile ya 2006 uzito wa pekee ni sheria. Kuanzia Januari 2008 baa, mikahawa na kumbi za dansi za Ufaransa zilipigwa marufuku kuvutiwa sigara ndani. New York walikwisha kufanya hivyo mwaka 2003, Uingereza ikafunga mlango mwaka 2007. Katika miaka michache harufu iliyokuwa alama ya usiku wa miji ya huko ikatoka kumbini, na baadhi yake imebaki kwenye chupa.

Moshi ulipotoka, watu wakagundua ulikuwa umefunika nini: jasho, bia iliyochacha, choo. Kuna utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2011 ambao ulipuliza harufu za chungwa, maji ya bahari na mnanaa katika kumbi tatu za dansi. Watu walicheza zaidi na wakausifu usiku wao zaidi, na hapakuwa na tofauti kubwa kati ya harufu moja na nyingine. Mwenye ukumbi ataufurahia utafiti huo. Mimi naona unaeleza vizuri tofauti kati ya kuufukizia usiku na kuuandika. Harufu ya chungwa ingewachezesha watu hata benki.

Huku kwetu kutoweka kwa moshi kumetupitia pia na hatukukutia maanani. Tanzania ilipiga marufuku shisha mwaka 2016. Kenya na Rwanda zikafuata Desemba 2017. Sizilaumu sheria hizo, mapafu ni mapafu. Lakini kwa miaka kadhaa moshi ule mtamu wa tufaha ulikuwa ndio ukumbi wa starehe kwa kijana wa Nairobi au Kigali, na leo atakayetaka kumsimulia mwanawe ulivyonukia hana pa kuanzia. Picha zipo, nyimbo zipo. Harufu haina kumbukumbu isipokuwa mtu ameitunga.

Neno "kujitegemea" nalo lisituzuzue. Maisondieu mwenyewe ni mtunzi wa Givaudan, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za harufu duniani, na nyumba nyingi zinazojiita huru huagiza kwa watunzi kama yeye. Wapo wanaochanganya kwa mikono yao, kama Andy Tauer wa Zürich, mkemia aliyejifundisha kazi hii, ila ni wachache. Uhuru ninaousema ni wa anayeagiza: kwamba hapeleki chupa mbele ya jopo la wanunuzi ili wapige kura. Linganisha na Jazz Club ya Maison Margiela, ya mwaka 2013, iliyotoka chini ya leseni ya L'Oréal. Ramu imo, jani la tumbaku limo, na vanila imekaa kote. Inanukia vizuri mno, na inapendwa kwa haki. Lakini ni klabu ya jazi ambayo hakuna aliyetokwa na jasho, hata mpiga ngoma. New Haarlem ya Bond No. 9, iliyotungwa na Maurice Roucel mwaka 2003, kwangu ni ya kweli zaidi kwa sababu imeacha kinywaji ikashika kahawa: usiku wa mji ukimalizika watu wanatafuta kahawa. Au supu, ikiwa ni Dar es Salaam.

Hapo ndipo nafika kwetu pwani, na hapo dai langu linapata ugumu. Mswahili hahitaji kufundishwa manukato ya usiku. Chetezo kinawashwa Magharibi, nguo zinafukizwa udi kabla ya kwenda harusini, kikuba cha asumini, waridi, rehani na mkadi kinabanwa kifuani, mrashi unapita kwa wageni. Zabadi na ambari, vitu vyenye harufu ya mnyama kabisa vikiwa peke yake, bibi zetu walivijua na walijua kiasi chake. Maarifa hayo yamekaa kwa wanawake, yakapita kwa somo kwenda kwa mwari bila kuandikwa. Kwa hiyo uchafu unaonukia si ugeni kwetu.

Ila usiku wa manukato hayo ni usiku wa ndani. Ni wa chumba, kitanda, ukumbi wa harusi, taarabu ya watu waliokaa vitini. Yametungwa ili mtu asinukie mtaa. Anayepita Forodhani au Kariakoo na udi wake mwilini amejijengea chumba cha kutembea nacho. Usiku wa nje, wa bodaboda na chipsi mayai na dansi la Sikinde na Msondo, hakuna aliyeutungia kitu. Wapo watakaosema ni heri hivyo, kwamba heshima ya manukato ni kumtenga mtu na mtaa. Katika toleo hili mmoja wa waandishi wetu anatetea msimamo huo kwa nguvu, na hoja zake sijaweza kuzijibu zote.

Linalonikera ni kwamba malighafi yetu imekuwa ikitengeneza usiku wa wengine. Karafuu ya Unguja na Pemba ilisafirishwa kwa miongo mingi kwenda Indonesia kusagiwa sigara za kretek, hadi ikawa ndiyo harufu ya jioni ya Jakarta. Langilangi ya Komoro inakwenda Ufaransa kwenye manukato ya bei kubwa. Kiwanda cha makonyo cha Wawi, Pemba, kinakamua mafuta ya karafuu, na yuginoli iliyomo humo inapendwa na watunzi kwa ukali wake ingawa sheria za Ulaya zinataka itajwe kwenye lebo kwa sababu ya mzio. Sisi tunanunua chupa nyeusi yenye vanila.

Ningekuwa mtunzi, ya Dar es Salaam ningeianza na karafuu kwa ajili ya joto, nikaitia moshi wa mkaa, chumvi ya upepo wa Kigamboni, langilangi iliyoiva kupita kiasi, na indoli bila kuipunguza. Pengine na tone la kitu kinachokumbusha petroli. Haitauzika uwanja wa ndege.

Basi ombi letu ni kwa wachanganyaji: wa madukani Darajani na Mombasa, wa majumbani, na vijana wenye mizani na chupa ndogo chini ya kitanda. Aliyetunga manukato ya usiku wa mji wake, wa nje, na atuletee ofisini akitaja alichotia. Tutayanusa, tutaandika tulichonusa kwa majina yetu, na kurasa hizo hatutaziuza kwa tangazo lolote.